Mungu Yupo, Lakini Uwepo Uko Wapi?

Kuna swali ambalo, kama umekulia kwenye makanisa ya mjini, umeshaulizwa mara nyingi kuliko jina lako. Kiongozi wa sifa amefumba macho. Mkono mmoja uko hewani, mwingine umeshika maiki. Ngoma zimenyamaza. Kibodi inatoa sauti laini isiyokatika, kama feni ya dari. Halafu anauliza: "Mnausikia uwepo?"

Kwa miaka mingi nilijibu "ndiyo" pamoja na wenzangu. Kisha karo ikakatika nikiwa mwaka wa pili, nikaacha chuo, nikarudi nyumbani Tudor, na Jumapili moja nikashindwa kujibu. Sikuwa nimemkasirikia Mungu. Nilisimama tu pale ukumbini, ghorofa ya pili, shati limenigandia mgongoni, nikagundua kwamba ninachosikia ni joto la Mombasa na njaa. Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Basi nikafikia uamuzi ambao naamini wengi mnaosoma hapa mmeshaufikia kimyakimya: tatizo ni mimi. Mungu amekuja, amepita safu yangu, ameenda kwa wengine.

Imenichukua zaidi ya miaka miwili kuwaza kwamba huenda tatizo halikuwa kwangu wala kwa Mungu. Huenda lilikuwa kwenye neno. Tumezoea kuchambua mashairi na riwaya, lakini msamiati unaoimbwa na maelfu ya watu kila wiki tunauacha upite bila kuuliza swali. Leo nataka niuulize.

Sikiliza jinsi tunavyolitumia neno "uwepo". Uwepo umeshuka. Uwepo ni mzito leo. Tuingie kwenye uwepo. Usitoke kwenye uwepo. Mtumishi huyu amebeba uwepo. Hebu angalia vitenzi na sifa zake: kushuka, kuingiwa, kubebwa, mzito. Hivyo ni vitenzi vya mvua, vya chumba, vya mzigo. Uji pia ni mzito, na uko ngeli hiyohiyo ya U. Kuna siku ukumbini nguvu za umeme zilipotea katikati ya wimbo, zikarudi baada ya dakika kumi, na watu wakashangilia. Nilijiuliza kwa uaminifu kabisa: tunashangilia stima au tunashangilia uwepo? Maana tulikuwa tumeshaanza kuvizungumzia kwa namna moja. Umerudi. Umepungua. Umekatika.

Rafiki yangu mmoja alikuwa mpiga kibodi wa kanisa. Yeye ndiye aliyenifungulia jikoni ya jambo hili. Alinieleza kwamba kuna mzunguko wa chodi nne ambao ukiucheza polepole, bila kuufikisha pale ambapo sikio linasubiri utulie, watu hubaki wakining'inia. Kibwagizo kinarudiwa mara nane, mara kumi. Ngoma inatoka, sauti zinashuka, inabaki ile sauti laini chini ya maombi. Halafu ngoma inaingia tena kwa kishindo. "Hapo," aliniambia, "ukumbi unapasuka. Kila wiki. Dakika ileile."

Hakuniambia akijisifu. Aliniambia kwa hofu. Kila Jumapili alikuwa akisikia watu wakisema Mungu ameshuka, na yeye ndiye aliyekuwa na vidole kwenye ile chodi. Alianza kujiuliza, siku ambazo analia yeye mwenyewe pale nyuma ya kibodi, analilia nini. Mwishowe aliacha kucheza. Kisha akaacha kwenda. Hakuna aliyemfukuza wala kumtendea ubaya. Aliondoka tu, kama mtu aliyeona jinsi mazingaombwe yanavyofanywa, na hakuwa na neno lingine la kumwita Mungu zaidi ya lile lililomchanganya.

Hapa sharti niwe mwadilifu, maana ni rahisi sana kijana aliyeacha chuo kukaa na simu yake na kuwacheka watu wanaolia kanisani. Mimi siwacheki. Yule mama anayelia mbele yangu amefua nguo za watu wiki nzima. Yule kaka ametoka zamu ya usiku bandarini. Mji huu hauna sehemu nyingi ambazo mwanamume mzima anaruhusiwa kulia bila kuulizwa amekunywa nini. Chodi nne zikimpa nafasi hiyo, ni sadaka nzuri. Muziki umeumbwa uguse mwili, na sioni kwa nini Mungu asiweze kupita humo. Hoja yangu ni nyingine. Ukimfundisha mtu kwamba lile wimbi la kifuani ndilo Mungu mwenyewe, utamwambia nini siku wimbi lisipokuja? Au siku atakapojua linavyotengenezwa?

Nikaamua kurudi nyuma, nione waliotutangulia waliliita nini jambo hili.

Nyumbani tuna Biblia ya Muungano, ile wengi huiita Union Version, iliyotoka mwaka 1952 baada ya kazi ndefu ya kupata tafsiri moja mahali pa zile mbili zilizokuwapo, ya Kimvita na ya Kiunguja. Yaani Kiswahili cha kisiwa hiki kilikuwa mezani. Nilienda moja kwa moja kwenye Zaburi ya 139, pale mtunzi anapouliza atakimbilia wapi. Nilikuwa na hakika nitaukuta uwepo. Sikuukuta. Nilikuta "uso". Nikaenda Zaburi ya 51, pale Daudi anapoomba asitengwe: uso. Nikaenda Kutoka sura ya 33, pale Musa anapokataa kuendelea na safari kama Mungu haendi nao: uso tena. Baadaye nikasoma kwamba Kiebrania chenyewe, katika mafungu hayo, kina neno la uso. Watafsiri hawakukosa msamiati. Waliacha uso ubaki uso.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Uso hauna mizani. Huwezi kusema uso wa mama umeshuka kwa kilo tatu. Uso hukunjwa na hukunjuliwa. Uso hukutazama au hugeuka pembeni. Katika Kiswahili chetu uso ndipo haya ilipo, ndipo heshima ilipo. Tunaonana uso kwa uso tukiwa na jambo zito la kusema. Na uso una mwenyewe. Hata ukiwa umefumba macho, hata ukiwa husikii chochote kifuani, mtu anaweza kuwa anakutazama.

Mara moja niliingia kwenye ibada ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Kianglikana pale Nkrumah Road, lile lenye kuba na matao yanayowafanya wageni wafikiri ni msikiti. Kwaya ilikuwa ya kawaida, mahubiri ya kawaida, na feni zilishinda sauti ya mhubiri. Mwishoni kasisi aliinua mkono akatoa baraka ya Haruni, ile ya kitabu cha Hesabu. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni bila kuisikiliza. Ina uso mara mbili: uso unaotoa nuru, na uso unaoinuliwa kumtazama mtu. Baada ya hapo tuliambiwa twende nyumbani kwa amani. Hakuna aliyetuuliza kama tumesikia kitu.

Sasa mtu atasema ninatetea vitabu vya zamani dhidi ya nyimbo za leo. La, sivyo. Chukua majina matatu tu ya nyimbo. "Kaa Nami", utenzi unaotokana na ule wa Mwingereza Henry Francis Lyte, ambaye alifariki mwaka 1847 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. "Enda Nasi" ya Reuben Kigame na Sifa Voices, ambayo hapa Kenya haihitaji utambulisho. "Ebenezer" ya Angela Chibalonza, ambaye ajali ya barabarani ilimchukua mwaka 2007 na sauti yake bado inatoka kwenye spika za matatu. Mmoja ni wa karne ya 19, mingine miwili ni ya juzi. Mmoja umetoka Uingereza, mwingine Kenya, mwingine umeimbwa na mwanamke aliyetoka Kongo.

Lakini angalia sarufi ya majina hayo. Kaa. Enda. Ni vitenzi, tena vya kuamrisha, na amri huipi hali ya hewa; unampa mtu. Huwezi kuuambia uwepo "kaa nami" bila kujisikia mjinga kidogo. Wa tatu si kitenzi, ni jiwe: lile ambalo Samweli alilisimamisha katika kitabu chake cha kwanza ili watu wakumbuke kwamba wamesaidiwa mpaka pale. Jiwe haliulizi unahisi nini. Unalipita Jumanne ukiwa umechoka, nalo liko palepale, linakukumbusha jambo lililotokea kweli. Kwa hiyo tatizo si upya wa wimbo wala kibodi. Tatizo ni pale wimbo unapoacha kuzungumza na mtu na kuanza kuzungumza juu ya hali.

Na neno lenyewe, kama utalivunja, linakiri kosa lake. Shuleni tulifundishwa viambishi vitatu vya mahali: po, ko na mo. Yupo, mahali dhahiri. Yuko, mahali fulani. Yumo, ndani. "Uwepo" umebeba ile po mkiani, na hiyo ni nzuri. Ni po ya hapahapa. Lakini mbele, mahali ambapo "yupo" ina yu, yaani yeye, kuna u tu. U ya ugali, ya ukuta, ya upepo. Tulimchukua mtu aliyepo tukamfanya kitu kilichopo. Kitu ndicho kinachopimwa. Kitu ndicho kinachopandishwa kwa chodi nne.

Ilhali "yupo" tunayo, tena mdomoni kila siku. Mungu yupo.

Mama yangu anauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Tudor. Mimi ni msaidizi wake, kazi ambayo sikuiandika kwenye fomu ya kuomba chuo. Saa kumi alfajiri tunasukuma unga ulioumuka usiku kucha, tunakata pembe, karai linapata moto. Wateja wa kwanza ni majirani wanaotoka swala ya alfajiri, kisha madereva wa tuktuk, kisha wanaotoka zamu ya usiku. Ukikaa hapo wiki moja utalisikia neno hilo mara mia. Maji hayajatoka siku tano na mkokoteni umepandisha bei ya mtungi: Mungu yupo. Mtoto amekosa nafasi ya shule: Mungu yupo. Mwislamu anamwambia Mkristo, Mkristo anamjibu Mwislamu, na hakuna anayehitaji tafsiri.

Kuna asubuhi nilichoka nalo. Nilikuwa nimekataliwa makala mbili kwa wiki moja, na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, akasema Mungu yupo. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijivunii: "Yupo wapi, mama? Mimi mbona simsikii?"

Akasema: "Pindua hayo, yanaungua."

Nikapindua. Kwa muda mrefu nilidhani alikwepa swali.

Kisha nikakutana na kitabu kimoja kidogo, nilichokipakua bure kwa simu maana hakimiliki yake imeshasahaulika. Kwa Kiingereza kinaitwa The Practice of the Presence of God, na ndiyo, jina lake lina lilelile neno ninalolilalamikia. Ni mazungumzo na barua za mtawa Mfaransa anayejulikana kama Ndugu Lawrence, aliyeishi katika nyumba ya Wakarmeli mjini Paris na kufariki mwaka 1691. Alikuwa askari, akaumia mguu, akaingia utawa bila elimu kubwa. Wakampeleka jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda hata kidogo. Alikaa huko kama miaka kumi na mitano.

Watu hukisifu kitabu hiki kwa sababu mpishi huyo alifika mahali ambapo saa ya kazi haikutofautiana kwake na saa ya sala. Katikati ya vyungu na kelele za watu wanaotaka hiki na kile alikuwa na Mungu sawasawa na akiwa amepiga magoti. Ni kweli, na ni zuri. Lakini mimi niliposoma nilisimama kwenye jambo jingine. Katika barua mojawapo anakiri kwamba miaka kumi ya kwanza aliteseka sana. Alijiona hafai, alihofia kwamba hajajitoa kwa Mungu kama alivyotaka, alianguka na kuinuka. Miaka kumi! Hakuna kiongozi wa sifa angemvumilia. Na katika miaka hiyo hakuacha kuzungumza na Mungu, kwa maneno mafupi, kama unavyozungumza na mtu mliye naye jikoni. Hakungoja kusikia ndipo aseme.

Kasoro yake ipo, na mchambuzi asiyeitaja hafai. Ndugu Lawrence hakuwa na kodi ya nyumba. Hakuwa na mdogo wake wa kulipiwa karo. Jiko lake lilikuwa na chakula cha kupika kila siku, na utulivu wake unaweza kumwudhi mtu ambaye unga umepanda bei. Pia vijana wengi tunakisoma kama mbinu nyingine ya kupata ile hisia, safari hii bila kibodi. Tukikisoma hivyo tumerudi palepale ukumbini.

Lakini kilinisaidia kumsoma mama upya. "Pindua hayo, yanaungua" lilikuwa jibu. Kiswahili kina siri katika kitenzi "kusikia". Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Kiongozi wa sifa akiuliza "mnausikia?", anauliza kwa maana hiyo ya njaa na baridi. Lakini mtoto akikataa kutumwa dukani, mama husema: "Mtoto huyu hasikii." Masikio yake ni mazima. Maana yake hatii, hajali anayesema naye. Kwa maana hiyo mama yangu anasikia kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anasikia saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba simsikii Mungu, huku mahamri ya watu yanaungua mbele yangu.

Na uso? Uso unatupeleka mbali zaidi ya jikoni. Kuna kisa katika Mwanzo sura ya 33 ambacho nyimbo zetu karibu zote zimekiruka. Yakobo amemdhulumu ndugu yake Esau, amekimbia miaka mingi, sasa anarudi akiogopa kuuawa. Esau anamkimbilia na kumkumbatia. Na Yakobo, ambaye usiku uliotangulia alishindana na Mungu na kusema amemwona uso kwa uso, anamwambia ndugu yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Maneno hayo ya juu kabisa kuhusu kumwona Mungu hayakusemwa hekaluni. Yalisemwa barabarani, kwenye vumbi, kwa mtu aliyekosewa na akasamehe. Waraka wa kwanza wa Yohana unaifunga hoja hiyo bila huruma: asiyempenda ndugu anayemwona, atampendaje Mungu ambaye hajamwona?

Ukiwa na neno "uwepo" peke yake, huwezi kufika hapo. Uwepo unakufumba macho. Uso unakulazimisha uyafumbue.

Rafiki yangu mpiga kibodi bado haendi kanisani. Sitakudanganya kwamba makala haya yatamrudisha. Lakini Jumapili asubuhi, wakati spika za makumbi zinaanza kujaribiwa, yeye hupita kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Mama hamuulizi kuhusu kanisa. Humtazama usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko wateja wengine, kisha humfungia mahamri manne na kumlipisha matatu. Wiki iliyopita alikaa kwenye benchi akala polepole, akasikiliza wimbo uliokuwa ukitoka ghorofa ya pili, vidole vyake vikitembea juu ya goti. Nilimuuliza anasikia nini.

"Wanakimbiza ngoma," akasema. Baadaye kidogo akaongeza: "Mwambie mama nitapita kesho nimbebee maji."

Kwa watunzi wetu, ambao nawapenda na ambao nyimbo zao nazijua kwa moyo hata ninapozilalamikia, ombi langu ni dogo. Turudishieni yu. Tuandikieni nyimbo zenye vitenzi, zenye mtu wa kuambiwa kaa, enda, tazama, ngoja. Tuandikieni wimbo wa mtu ambaye hasikii chochote na bado amesimama hapo. Wako wengi ukumbini. Wanajibu "ndiyo" kwa adabu tu.

Mimi siku hizi swali likiulizwa sijibu. Nafumbua macho, natazama safu yangu, nione nani yupo.